Kerneli inaangukia sehemu tofauti kila mara: ni RAM, au kuna draiva inaandika pasipo pake?

#1 Kobe_Mwendo
Wakuu, salama? Nina mashine ya Linux, kerneli (kiini cha mfumo) 6.1, kazi yake kupokea trafiki ya mtandao na kuirekodi. Inaanguka, na haiangukii mahali pamoja. Kuna siku ilifia ndani ya kmem_cache_alloc, inayogawa kumbukumbu. Siku nyingine ikafia kwenye mfumo wa faili wa ext4 ikisoma inode (rekodi ya faili). Ya karibuni imefia kwenye kutafuta dentry (rekodi ya jina la faili): kosa la ulinzi, anwani isiyo halali, na rejista ya RAX (nafasi ndogo ya data ndani ya CPU) ilikuwa na 0002010004060008. Hakuna hata mara moja nilipoona jina la draiva yoyote (programu inayoendesha kifaa) kwenye mfuatano wa wito, yaani orodha ya kazi zilizoitana hadi anguko.

Msimamo wangu: hii ni RAM. Hitilafu ya programu ingeanguka palepale kila siku. Kabla sijanunua vijiti vipya, nani anapinga, na kwa hoja gani?

#2 Sindano
RAM hiyo mkuu. Lala na Memtest86+, asubuhi utaikuta skrini imejaa nyekundu. Uzi ufungwe.

#3 MzeeWaLogi
Usifungwe. Kobe, hoja yako imesimama kichwa chini. Anayefuata pointa tupu (pointa ni anwani ya kumbukumbu) ndiye huanguka palepale. Anayeandika kwenye kumbukumbu isiyo yake haanguki yeye. Anaanguka mwenye kumbukumbu, tena baadaye, anapoikuta imevurugwa. Kwa hiyo ext4 na dentry ni wahanga, na jina la mhusika kutokuwepo kwenye mfuatano wa wito ndiyo hali ya kawaida.

Lete mstari wa ripoti wenye neno Tainted, unaosema kerneli imeguswa na nini. Herufi zote.

#4 Tumbili_Root
Naweka kambi hapa.

#5 Kobe_Mwendo
@MzeeWaLogi ni G na O tu. Hakuna M (kosa la maunzi), hakuna B (ukurasa mbovu). O inatokana na draiva ya kadi ya mtandao, imekuja na kadi yenyewe na haimo kwenye kerneli rasmi. Halafu kuna hili: matatizo yalianza muda mfupi baada ya kuongeza RAM kutoka GB 4 hadi 16. Ndiyo maana nashuku vijiti.

#6 Sindano
Hahaha, na hilo ulilificha la nini? Kesi imekwisha.

#7 Bafa64
Haijaisha. RAM mbovu ina tabia zake. Ikiwa seli moja imekufa, thamani iliyoharibika huwa inapishana na thamani sahihi kwa biti moja. Niliwahi kukutana na pointa ya kerneli iliyotakiwa kuwa ffff888103a4c2c0, mashine ikasoma ffff808103a4c2c0. Angalia 88 imekuwa 80. Biti ya 43 imeanguka, basi, mengine yote yako sawa. Tena haikuleta kosa la ulinzi, ilileta kosa la ukurasa, kwa sababu anwani bado ilikuwa na umbo halali ila haina kitu nyuma yake.

Sasa tazama RAX yake: 0002010004060008. Hakuna pointa ya kerneli ambayo ukiipindua biti moja inakuwa hivyo. Pointa za kerneli kwenye x86-64 zinaanza na ffff. Hapa mtu ameandika data yake juu ya pointa, na data hiyo ina mpangilio.

Pia hiyo ya kmem_cache_alloc isome vizuri. SLUB, mgawaji wa kumbukumbu wa kerneli, huweka pointa ya kitu huru kinachofuata ndani ya kitu huru chenyewe. Mtu akiandika kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa, pointa ile inakufa, na anayekuja kuomba kumbukumbu baadaye, yeyote yule, ndiye anayejikwaa.

#8 Sindano
Biti moja ni pale seli moja imekufa. Laini ya anwani ikilegea au kijiti hakijakaa vizuri kwenye nafasi yake, unaweza kusoma baiti nzima nzima za sehemu nyingine kabisa. Data "yenye mpangilio" itatoka huko huko. Usimdanganye mwenzetu kwamba RAM mbovu ni biti moja tu.

#9 Bafa64
Hilo nalikubali. Ila hapo Memtest ingepiga kelele dakika za mwanzo.

#10 PointaTupu
Mimi naona taima (saa ya kerneli inayoita kazi baadaye). Niliwahi kufuatilia kitu kinachofanana na hiki: moduli ikitolewa, mashine inafanya kazi raha mustarehe, halafu baada ya dakika chache inaanguka ndani ya run_timer_softirq, inayoendesha taima. Mwandishi alikuwa ameita del_timer halafu kfree (kuachia kumbukumbu). Sasa del_timer inaondoa taima iliyopangwa, haisubiri ile ambayo tayari inakimbia kwenye CPU nyingine. Na kazi ya taima ile ilikuwa inajipanga upya yenyewe mwishoni kwa mod_timer. Kwa hiyo unaachia kumbukumbu, taima inajirudisha kwenye orodha, na orodha sasa inapita ndani ya kumbukumbu ya mtu mwingine. del_timer_sync ndiyo ilitakiwa, na tangu 6.2 kuna timer_shutdown_sync inayokataza kabisa kujipanga tena.

Kobe tafuta kwenye msimbo wa hiyo draiva kila palipo na kfree, kisha uangalie nani bado ameshika pointa.

#11 Kobe_Mwendo
@PointaTupu asante, naangalia. Ila hii moduli huwa haitolewi, inapakiwa mashine ikiwaka na inabaki.

#12 PointaTupu
Hata bila kutoa moduli. Kiungo cha mtandao kikikatika na kurudi, draiva nyingi zinabomoa foleni na kujenga upya. Huko nako kuna kfree.

#13 Tumbili_Root
Andika upya kwa Rust. 6.1 ndiyo ya kwanza kuja na msaada wa Rust, yaani kerneli umeshaishika mkononi.

#14 DadaKerneli
@Tumbili_Root kaa kambini kwako.

Kobe, acha kubahatisha, washa KASAN. Jenga kerneli ileile na CONFIG_KASAN. Kompaila itaweka ukaguzi kwenye kila usomaji na uandishi. Kila baiti 8 za kumbukumbu zina baiti moja ya kivuli inayosema kama zinaruhusiwa kuguswa. Anayegusa kilichoachiwa anakamatwa palepale, na unapata mifuatano mitatu: aliyegusa, aliyeomba, aliyeachia. Utalipa kwa moja ya nane ya RAM na mwendo utashuka sana, lakini unapata jina.

#15 Kipanga_Usiku
KASAN ni ya siku nyingi, tangu 2011 hivi, sijui kwa nini watu hawaanzii huko.

#16 MzeeWaLogi
Iliingia 4.0, mwaka 2015. 2011 ulikuwa unahesabu kwa mkono kama sisi wengine. Ukitaka nyepesi ya kuacha kwenye mashine ya kazi, kuna KFENCE tangu 5.12 ya 2021. Yenyewe haikagui kila kitu. Kila baada ya milisekunde 100, kwa mipangilio ya kawaida, inachukua ombi moja na kuliweka kwenye ukurasa wa peke yake wenye kurasa za ulinzi pembeni. Inakula kama MB 2 tu. Ila unaweza kungoja sana.

#17 Kobe_Mwendo
Mrejesho.

Memtest86+ imelala kwenye mashine usiku kucha. Safi, hakuna kosa hata moja.

KASAN nimeiwasha, nikarudisha trafiki ileile. Haijasema kitu. Na mbaya zaidi, mashine haianguki! Nikirudi kerneli ya kawaida, inaanguka kabla ya jioni.

#18 Sindano
Memtest safi haimaanishi RAM safi, kabla hamjaanza kushangilia. Memtest inafanya kazi CPU peke yake ikiandika na kusoma. Kadi ya mtandao imelala, diski imelala, umeme unaovutwa ni kidogo, joto ni dogo. Kuna vijiti vinavyofeli mashine nzima ikiwa kazini tu.

#19 NyukiMweusi
Kukimbia tatizo chini ya KASAN ni dalili kubwa ya mashindano kati ya CPU mbili. KASAN inapunguza mwendo, dirisha la mgongano linafungwa, tatizo linalala. Pia KASAN haiachii kumbukumbu mara moja, inaiweka karantini kwanza. Kwa hiyo hata mtu akiiandika, haijapewa mwingine, hakuna anayeumia.

#20 DadaKerneli
@NyukiMweusi karantini ndiyo, lakini ingelia! Karantini ipo ili mwandishi akamatwe akiwa bado anaandika. Kutolia kwa KASAN kuna maana mbili tu. Ama tukio halikutokea kabisa, ama aliyeandika hakupita kwenye msimbo uliokaguliwa.

#21 MzeeWaLogi
Na hiyo ya pili ndiyo tamu. KASAN inakagua maagizo ya CPU. Kadi ya mtandao haina habari na KASAN. Inapewa anwani halisi, inaandika moja kwa moja kwenye RAM kwa DMA, inaondoka. KFENCE vilevile, kurasa zake za ulinzi ni za jedwali la CPU, kifaa hakilipiti.

Kobe, rudi kerneli ya kawaida, weka slub_debug=FZPU kwenye mstari wa kuwashia. P inajaza sumu: kila kitu kilichoachiwa kinajazwa 6b mpaka baiti ya mwisho ambayo ni a5. Kikija kutolewa tena, SLUB inakagua kama sumu iko kamili. Haijalishi aliyeandika ni CPU au kifaa au shetani, alama inabaki.

#22 Kipanga_Usiku
Ongeza na slab_nomerge, maana kerneli huchanganya kache (mafungu ya vitu vya kumbukumbu) za ukubwa unaofanana na jina unaloliona linaweza kuwa la jirani.

#23 MzeeWaLogi
Kwa kache zilizowashiwa slub_debug hakuna kuchanganywa tena, haina haja. Lakini ni wazo zuri pale usipoiwasha.

#24 Mgeni_wa_Steki
Samahani kuingilia kati. Kuna aliyefikiria steki kufurika? Steki ya kerneli kwenye x86-64 ni KB 16 tu. Draiva za nje zina tabia ya kutangaza safu kubwa ndani ya kazi. Inashuka hadi kwenye ukurasa wa jirani na kuandika bila kuulizwa.

#25 Bafa64
Ni KB 16 tangu 3.15, kabla ya hapo zilikuwa 8. Lakini tangu 4.9 kuna steki zilizopangwa kwenye eneo la vmalloc zenye ukurasa wa ulinzi chini yake. Ukifurika unaanguka hapohapo na ujumbe unasema steki. Kwenye 6.1 ingekuwa imesema, labda CONFIG_VMAP_STACK imezimwa. Kobe?

#26 Kobe_Mwendo
Imewashwa.

#27 Mgeni_wa_Steki
Basi naondoa hoja, kwa masharti.

#28 Kobe_Mwendo
Wakuu, nimepata kitu. Niliwasha kwa slub_debug=FZPU na nokaslr (anwani za kerneli zisichanganywe). Kwenye kache ya kmalloc-256 kimekutwa kitu huru ambacho sumu yake imeharibiwa. Eneo lililoharibiwa ni ffff8880a3c15840 hadi ffff8880a3c1587f, baiti ya kwanza ni ff badala ya 6b. Eneo haliko mwanzoni mwa kitu, linaanzia katikati. Kabla yake ni 6b tupu, na baada yake 6b tupu. Baiti zenyewe, mwanzo wake:

ff ff ff ff ff ff 02 00 xx xx xx xx 08 06 00 01
08 00 06 04 00 01 02 00 xx xx xx xx ...

Nimeziba anwani ya mashine ya watu. Kuna mifuatano ya aliyeomba na aliyeachia, wote ni mfumo wa faili, hakuna mtandao.

#29 PointaTupu
Mifuatano hiyo isikusumbue. Inataja wamiliki wa mwisho wa kitu, yaani mhanga na familia yake. Haimtaji aliyeandika.

#30 Bafa64
Hiyo ni ARP, ujumbe wa kutafuta anwani ya mashine kwenye mtandao!! ff mara sita ni anwani ya wote, kisha anwani ya mtumaji, kisha 08 06 ni aina ya fremu. 00 01 Ethernet, 08 00 IPv4, urefu wa anwani 06 na 04, kisha 00 01 ni ombi. Fremu nzima ya ARP imelala katikati ya kumbukumbu ya mfumo wa faili.

Sasa rudini bandiko #1. Chukua baiti nane kuanzia mstari wa pili: 08 00 06 04 00 01 02 00. Zisome kama x86 inavyosoma, baiti ndogo kwanza: 0002010004060008. Hiyo ndiyo RAX ya Kobe. Kerneli ilikuwa inafuata kichwa cha ARP ikidhani ni pointa.

#31 Tumbili_Root
Nimesimama. Natembea chumbani.

#32 Sindano
Sawa, data imetoka kwenye mtandao. Bado laini ya anwani mbovu inaweza kuihamisha. Fremu ilikuwa inaenda mahali pake, kijiti kikaipeleka kwingine.

#33 DadaKerneli
Na hesabu urefu. Kutoka 840 hadi 87f ni baiti 64. ARP yenyewe ni 42, ikijazwa kufikia fremu ndogo kabisa ni 60, na 4 za mwisho ni CRC, alama ya kukagua makosa. Kuna aliyeandika fremu pamoja na CRC yake. Kerneli ikinakili pakiti kwa kawaida haibebi CRC, imeshakatwa. Huu ni mkono wa kifaa.

#34 NyukiMweusi
Inategemea. Draiva inaweza kuiambia kadi isikate CRC, hasa mashine za kurekodi trafiki kama hii. Hapo CRC inapanda na pakiti na memcpy ya kawaida (CPU kunakili) inaweza kuwa ndiye mwandishi.

#35 Kobe_Mwendo
Kweli, kukata CRC kumezimwa kwenye hii. Wanaorekodi wanaitaka.

#36 DadaKerneli
Mnh. Haya, nusu pointi kwa Nyuki.

#37 PointaTupu
Kwangu picha ni hii: kiungo kinakatika, draiva inaachia mabafa kabla ya kuhakikisha kadi imesimama kupokea. Kurasa zinarudi kwenye hazina, mfumo wa faili unapewa. Kadi bado ina anwani za zamani kwenye pete yake (orodha ya mabafa ya kupokelea). ARP ya kwanza inayokuja inaandikwa humo. Ni kugusa kilichoachiwa, ila mguso ni wa kifaa. Mabafa ya hii draiva yana ukubwa gani?

#38 Kobe_Mwendo
2048, mawili kwa ukurasa, na nafasi ya baiti 64 mbele ya kila moja.

#39 PointaTupu
Basi fremu zinaanzia 040 au 840 ndani ya ukurasa. Anwani yako imeishia na 840. Ukurasa huo uliwahi kuwa wa draiva. Nimemaliza.

#40 MzeeWaLogi
Hujamaliza, maana kuna maelezo mengine yanayotoa 840 ileile. Kobe alisema #5 kwamba RAM ilitoka 4 ikawa 16. Ikiwa kadi, au draiva, inashika biti 32 tu za anwani, bafa likiwa juu ya GB 4 sehemu ya juu inakatwa, na fremu inaangukia chini ya GB 4 kwa mtu asiyehusika. Biti 12 za chini hazibadiliki, kwa hiyo 840 inabaki 840. Mashine ikiwa na GB 4 karibu kumbukumbu yote iko chini na tatizo halionekani.

Kwa nokaslr, ramani ya moja kwa moja ya RAM inaanzia ffff888000000000. Toa hiyo kwenye anwani yake: a3c15840. Kama GB 2.6. Iko chini ya 4, kama inavyotakiwa.

#41 PointaTupu
Mzee, tukio moja. Robo ya RAM iko chini huko hata kwa bahati nasibu.

#42 Kobe_Mwendo
Nina la pili. Limetokea jana usiku, ffff9d4652b07840. Tena 840, tena ARP.

#43 Kipanga_Usiku
Toa msingi: 14c652b07840. Iko juu sana ya GB 4. Nadharia ya Mzee imekufa.

#44 DadaKerneli
Kipanga, hiyo uliyopata ni terabaiti 20 na ushee. Kobe ana GB 16. Mashine iliwaka bila nokaslr, sivyo?

#45 Kobe_Mwendo
Ndiyo, umeme ulikatika ikajiwasha yenyewe na mipangilio ya kawaida. slub_debug ilikuwemo, nokaslr haikuwemo.

#46 MzeeWaLogi
Basi tukio la pili halisemi lolote kuhusu hili. Msingi ukichanganywa unahamishwa kwa hatua za GB 1, hivyo tunajua fremu iko wapi ndani ya gigabaiti, hatujui gigabaiti ipi. Kuna vmcore (nakala ya kumbukumbu wakati wa anguko)? Amri ya vtop kwenye programu ya crash ingetupa anwani halisi.

#47 Kobe_Mwendo
Hakuna. SLUB ilirekebisha sumu, ikaandika ripoti, ikaendelea kama kawaida.

#48 Sindano
Jaribio rahisi: mem=3G. Tumia RAM ya chini tu.

#49 Kobe_Mwendo
Nimeweka. Imetulia kabisa, trafiki ileile, hakuna anguko wala sumu iliyoharibika.

#50 MzeeWaLogi
Asante. Hakuna bafa juu ya GB 4, hakuna cha kukatwa.

#51 Sindano
Asante kwangu mimi! Umezima eneo kubwa la vijiti vipya, tatizo limeondoka. Jaribio langu, ushindi wangu.

#52 PointaTupu
Na kwa RAM ndogo kurasa zinazunguka tofauti, ukurasa ulioachiwa na draiva unaweza kurudi kwa draiva yenyewe. Hakuna anayeumia. Jaribio hili halitenganishi mtu na mtu.

#53 Tumbili_Root
Watu watatu, medali moja.

#54 DadaKerneli
IOMMU, mlinzi wa kumbukumbu dhidi ya vifaa, ndiyo itatenganisha. intel_iommu=on na iommu.strict=1. Kifaa kikiandika mahali ambapo hakijaruhusiwa, kinazuiwa na logi inataja namba ya kifaa na anwani. Bila strict, ruhusa za zamani hubaki kwa muda baada ya bafa kuachiwa, kwa hiyo msiisahau. Na Sindano aache vijiti vyote mahali pake.

#55 Kobe_Mwendo
Nimefanya, GB 16 zote. Haianguki. Na logi haina kosa lolote la DMA. Sielewi tena.

#56 PointaTupu
Hata mimi nilitegemea ingelia. Labda muda umebadilika, kufungua na kufunga ramani kunapunguza mwendo. Tena ruhusa za IOMMU ni za ukurasa mzima: bafa moja likiachiwa huku jirani yake kwenye ukurasa uleule bado linatumika, kifaa kinaendelea kuruhusiwa.

#57 NyukiMweusi
Lakini basi ukurasa mzima bado ni wa draiva na mfumo wa faili hauwezi kuupata. Hoja hiyo inakupinga.

#58 MzeeWaLogi
Kwa nadharia ya kukatwa, kimya hicho ndicho hasa kilichotarajiwa. IOMMU ikiwa imewashwa, kadi haipewi anwani halisi, inapewa anwani ya kubuni. Na kwa vifaa vya PCI, Linux inajaribu kwanza kutoa anwani za kubuni zilizo chini ya GB 4. Sehemu ya juu ni sifuri tayari. Kata usikate, ni ileile. Hakuna kosa la kuripoti.

Weka hapa mstari wa draiva unaotaja DMA_BIT_MASK (biti ngapi za anwani kadi inashika), na kazi inayojaza pete.

#59 Kobe_Mwendo
DMA_BIT_MASK(64). Kujaza mara ya kwanza kunaandika nusu mbili, lower_32_bits na upper_32_bits. Kazi ya kujaza upya wakati wa kazi inaandika lower tu.

#60 Bafa64
Hapo! Kwenye kujaza upya nusu ya juu inabaki ya bafa la zamani. Bafa jipya likiwa kwenye gigabaiti nne nyingine, fremu inaenda kwa jirani. Na hapo mhanga anaweza kuwa juu au chini ya GB 4, kwa hiyo hata tukio la pili linaingia popote lilipo.

#61 NyukiMweusi
Polepole. Kadi nyingi zikimaliza kupokea zinaandika hali na urefu juu ya nafasi ileile ya anwani kwenye pete. Ikiwa hii inafanya hivyo, nusu ya juu haibaki ya zamani, inakuwa takataka, na kadi ingeandika nje ya RAM kabisa kila mara. Isingefanya kazi hata dakika moja. Isipokuwa mwongozo wa kadi useme hali inawekwa kwingine, siamini.

#62 DadaKerneli
Au draiva inatumia bafa lilelile tena mara nyingi, na lower tu ilitosha mpaka siku bafa linapobadilishwa. Angalia lini inaomba ukurasa mpya.

#63 PointaTupu
Na mimi bado sijaona mtu akijibu kuhusu kiungo kukatika. Kobe, logi ina kukatika kwa kiungo kabla ya matukio yale mawili?

#64 Kobe_Mwendo
La kwanza ndiyo, kama dakika mbili kabla. La pili hapana, lakini logi ya siku hiyo ina pengo.

Mwongozo wa kadi sina, nimewaandikia walioiuza. Wakati nangoja nimeongeza mstari wa upper_32_bits kwenye kujaza upya, IOMMU nimezima, GB 16 zote, nokaslr ndani. Inakimbia sasa hivi.

#65 Sindano
Isipoanguka mtasema ni mstari. Ikianguka njooni tuzungumze vijiti.

#66 MzeeWaLogi
Washa na CONFIG_DMA_API_DEBUG ukijenga tena, inashika draiva inayofungua ramani na kusahau. Na kdump, inayohifadhi vmcore, iwe tayari safari hii, tafadhali, tuache kupiga hesabu za terabaiti 20.

#67 Kipanga_Usiku
Mzee, naomba hilo lisahauliwe.